Kemikali za ubongo au maisha yenyewe? Jibu kwa mwalimu wa Morogoro

SWALI

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 38. Mama yangu alipata kiharusi mwaka juzi na mimi ndiye ninayemuuguza. Kaka zangu wawili wako Dar na Mwanza. Kwa ajili ya matibabu yake nilikopa zile pesa za kausha damu, na mpaka leo nalipa kila wiki. Kwa miezi kama saba sasa naamka saa tisa usiku, moyo unakwenda mbio, jasho linanitoka, na silali tena mpaka adhana ya alfajiri. Mchana nimechoka, darasani nasahau nilichokuwa nafundisha, chakula hakina ladha, wanangu wakinichekesha sicheki. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Nimepimwa taifodi, UTI, presha, moyo, vidonda vya tumbo. Kila mahali napewa dawa na hakuna kinachobadilika. Mwezi uliopita daktari aliniambia nina sonona na wasiwasi kwa sababu kemikali za ubongo zimepungua, akaniandikia fluoksetini. Sijaimeza, iko kwenye droo. Mimi shida zangu nazijua: ni mama na ni deni. Kama tatizo ni maisha, kidonge kitasaidia nini? Kama ni kemikali, kwa nini zipungue kwangu? Na nikianza, ndiyo nitameza maisha yangu yote?"

JIBU

Marahaba, mwalimu, na pole sana kwa kuuguza.

Kabla ya kemikali, kuna sentensi moja umeiweka katikati ya barua kama jambo dogo: natamani nilale nisiamke. Hiyo siwezi kuipita. Kutamani hivyo ni sehemu ya ugonjwa huu. Hakumaanishi kwamba huwapendi wanao, wala kwamba imani yako imekufa. Lakini ukijikuta unafikiria njia, au siku, au unahesabu vidonge, usingoje siku ya kliniki. Mwamshe mtu mzima aliye karibu usiku huohuo, mwende naye hospitali, idara ya dharura. Dawa zote za nyumbani, za mama na zako, azitunze mtu mwingine. Na hata kama hujafika huko, leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini maneno uliyoniandikia mimi.

Sasa nije kwenye swali lako.

Daktari wako alikupa maelezo ambayo wengi wetu tulifundishwa, na mimi mwenyewe nimewapa wagonjwa: kuna kemikali inaitwa serotonini, ikipungua mtu anapata sonona, kidonge kinaijaza. Maelezo haya yana wema ndani yake, kwa sababu yanamwondolea mgonjwa lawama. Lakini yamerahisishwa mno. Wewe umeona kwamba hayalingani na maisha unayoyaishi, ndiyo maana dawa imebaki kwenye droo.

Wazo lenyewe lilianzia kwenye kifua kikuu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View pale Staten Island, New York, wagonjwa wa TB walipewa dawa mpya iliyoitwa iproniazidi. Watu waliokuwa hoi kitandani walianza kula, kucheka, hata kucheza wodini, wakati mapafu yao bado yalikuwa yanaugua. Baadaye ikajulikana kwamba dawa ile inazuia kuvunjwa kwa kemikali fulani za ubongo, zikiwemo serotonini na noradrenalini. Wakati huohuo kulikuwa na dawa ya presha iliyoitwa reserpini, iliyotokana na mzizi wa mmea wa India. Hiyo hupunguza kemikali zilezile, na baadhi ya waliopewa walionekana kuzama katika huzuni. Ukiyaweka mambo hayo mawili pamoja, jibu linajileta lenyewe: zikishuka, mtu anahuzunika, zikipanda, anapona. Katika miaka ya 1960 likawa nadharia rasmi, na fluoksetini ilipoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1987, matangazo yakalieneza duniani kote.

Shida ni kwamba lilipopimwa moja kwa moja, halikusimama. Watafiti wamewanywesha watu wazima wenye afya mchanganyiko unaoshusha kwa muda malighafi ambayo mwili hutumia kutengenezea serotonini. Wengi wao hawakupata sonona. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff wa London na wenzake walikusanya tafiti za miongo kadhaa, wakahitimisha kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa watu wenye sonona wana serotonini pungufu. Kwa hiyo mtu asikutoze pesa kwa kipimo cha serotonini. Sehemu kubwa mno ya serotonini ya mwili iko tumboni, kwenye utumbo, na kiasi kinachoonekana kwenye damu hakisemi chochote kuhusu kinachoendelea kichwani.

Wapo walioisoma habari ile ya 2022 wakasema, basi sonona ni mawazo tu, dawa ni biashara. Wamekosea pia. Nadharia kuhusu chanzo ni jambo moja, dawa kufanya kazi ni jambo jingine. Panadol inashusha homa, na hakuna anayesema homa inaletwa na upungufu wa Panadol.

Ngoja nikueleze kinachotokea saa tisa usiku, kwa sababu hapo ndipo maisha yako na kemikali zako zinapokutana.

Ndani ya ubongo, upande wa chini, kuna kiungo kidogo chenye ukubwa wa lozi kinachoitwa amigdala. Kazi yake ni kunusa hatari. Ukikutana na nyoka njiani, amigdala inapiga kengele kabla hujatambua kwamba ni nyoka. Ndani ya sekunde adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, jasho linatoka, tumbo linasimamisha kazi. Nyuma yake, taratibu kidogo, ubongo unatuma ujumbe kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia, na tezi hizo zinatoa homoni inayoitwa kortisoli. Kortisoli inaleta sukari kwenye damu ili uwe na nguvu ya kukimbia au kupigana. Nyoka akiondoka, kuna breki: kortisoli yenyewe ikifika kwenye ubongo, hasa kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo hipokampasi, inasema inatosha, nayo inaanza kushuka. Mfumo huu ni mzuri ajabu, na bila huo babu zetu wasingefika popote.

Lakini wewe nyoka wako haondoki. Ni Jumatatu ya rejesho. Ni mama anayetakiwa kugeuzwa kila baada ya saa chache asipate vidonda mgongoni. Ni simu ya afisa mikopo, ni wasiwasi kwamba wazazi wa wanafunzi wataona umechoka. Amigdala haijui tofauti ya nyoka na rejesho, kwa hiyo kengele inalia kila siku. Ikilia miezi na miezi, breki inalegea. Katika wanyama waliowekwa kwenye msongo wa muda mrefu tumeona matawi ya seli za neva kwenye hipokampasi yakinywea, na vilevile kwenye sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga, inayoamua, inayotuliza hofu. Kwenye amigdala matawi yanaongezeka. Kwa binadamu, picha za ubongo zinaonyesha kwamba hipokampasi kwa wastani ni ndogo kidogo kwa watu wenye sonona, hasa wale iliyowarudia mara nyingi. Mwalimu, unaposahau ulichokuwa unafundisha katikati ya somo, huo si uzembe. Mlinzi wa hatari amenenepa, na karani wa kumbukumbu amekonda.

Saa tisa nayo ina sababu yake. Kwa kawaida kortisoli huwa chini kabisa karibu na usiku wa manane, kisha inaanza kupanda polepole kuelekea alfajiri ili mwili uamke. Kwa watu wengi wenye sonona nzito haishuki usiku inavyopaswa. Ule mpando wa kawaida unaukuta mwili ambao tayari uko macho, na unaamka na moyo mbio wakati nyumba nzima imelala. Huko umeamka na nini cha kufikiria? Deni. Mawazo yanaikoleza kengele, na kengele inayakoleza mawazo. Sonona na wasiwasi mara nyingi hutembea pamoja kwa sababu hiyo: mfumo ni mmoja. Wasiwasi ni kengele isiyonyamaza, na kwa wengi sonona huja baadaye, pale mwili unapochoka kuisikiliza na kuanza kuzima kila kitu, pamoja na ladha ya chakula na kicheko cha watoto.

Si kila mtu anafuata njia hii hatua kwa hatua. Wapo wenye msongo wa miaka mingi ambao kortisoli yao iko chini kuliko kawaida. Kwa hiyo hata kipimo cha kortisoli sikushauri ukilipie, isipokuwa daktari ameona dalili za ugonjwa wa tezi zenyewe.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote katika jambo hili ulifanyika karibu na kwetu, Maasai Mara, Kenya. Robert Sapolsky, mwanasayansi Mmarekani, alianza kwenda huko mwaka 1978 kuchunguza nyani. Alikuwa anawavizia na bomba la kupulizia mshale wenye dawa ya usingizi, anamchukua damu nyani aliyelala, anapima kortisoli. Nyani wa Mara wana chakula cha kutosha na hawahitaji saa nyingi kukitafuta, hivyo muda wao mwingi wanautumia kusumbuana. Aligundua kwamba dume wa chini, anayepigwa na kila mkubwa, anayenyang'anywa mzizi aliouchimba mwenyewe, kortisoli yake iko juu hata siku ambayo hakuna aliyemgusa. Mwili wake unaishi kwa kusubiri kipigo.

Sehemu iliyonigusa zaidi ilikuja baadaye. Katikati ya miaka ya 1980 madume wakorofi wa kundi moja, waliokuwa na ubavu wa kwenda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii, waliambukizwa TB kutoka kwenye nyama mbovu wakafa. Wakabaki majike na madume wapole. Kundi lilibadilika: wakawa wanachambuana manyoya zaidi, wanakaa karibu karibu, na wakubwa hawakuwaonea wadogo kama zamani. Alipopima, madume wa chini wa kundi lile hawakuwa tena na ile kortisoli ya juu. Walikuwa bado wa chini, cheo hakikubadilika. Kilichobadilika ni namna walivyotendewa na nani alikaa nao. Nyani wale hawakupewa kidonge hata kimoja.

Ndiyo maana siwezi kukubali uchaguzi ulioniwekea, kemikali au maisha. Deni na upweke wako umeingia mwilini kupitia kemikali. Hakuna njia nyingine ya kuingia.

Unauliza kwa nini wewe, wakati kuna wanaobeba makubwa zaidi na wanacheka. Sehemu ni kurithi. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kiasi cha theluthi moja hivi ya tofauti kati ya watu katika kupata sonona inatokana na urithi, na hakuna jeni moja la sonona. Ni mamia ya vitu vidogo vidogo. Sehemu ni utoto: aliyekua katika kipigo au kufiwa mapema, kengele yake huwekwa juu tangu hapo. Na sehemu ni mwili wenyewe. Uvimbe wa ndani unaoletwa na maradhi ya muda mrefu, yaani kinga ya mwili kukaa vitani muda wote, unaweza kugusa ubongo. Tulijifunza hilo kwa uchungu kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliotibiwa kwa sindano za interferoni, kemikali ya kinga ya mwili, kwani wengi walipata sonona wakiwa kwenye matibabu. Kwa hiyo kabla ya chochote mwombe daktari aangalie wingi wa damu na tezi ya shingo, na mtajie kila dawa unayotumia, ikiwemo ya uzazi wa mpango. Mweleze pia kama umewahi kuwa na siku kadhaa za kuchangamka kupita kiasi, hulali na huchoki, unatumia pesa ovyo, kwa sababu hapo matibabu yanabadilika. Vipimo vya taifodi na UTI sasa viache. Umeshapimwa vya kutosha.

Na kidonge kitafanya nini?

Fluoksetini inapandisha serotonini kati ya seli za neva ndani ya saa chache tu. Lakini nafuu huja baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6. Kama kazi ingekuwa kujaza tangi lililopungua, ungepona siku hiyohiyo. Kinachoonekana, na ushahidi mwingi hapa unatoka kwa wanyama, ni kwamba katika wiki hizo seli za neva zinaanza kuotesha matawi upya na ubongo unakuwa rahisi zaidi kujifunza. Wewe uko Morogoro, utanielewa nikisema hivi: mvua ya kwanza haileti mahindi, inalainisha ardhi. Inabaki kupanda.

Nguvu yake ni ya kweli na ni ya wastani, sitakuongezea chumvi. Mwaka 2018 Andrea Cipriani wa Oxford na wenzake waliunganisha majaribio 522 yenye watu 116,477, wakilinganisha dawa 21 na vidonge visivyo na dawa ndani. Zote 21 zilivishinda vidonge hivyo. Lakini tofauti haikuwa kubwa kwa kila mtu, na kadiri sonona inavyokuwa nzito ndivyo dawa inavyokuwa na sababu zaidi ya kutumika. Kwa miezi 7, na usingizi na kazi vikiwa vimeharibika, na wazo lile la kutoamka, ningekuandikia na mimi.

Kupanda sasa. Waganga wenzetu wa Zimbabwe wametupa mfano mzuri. Kwa Kishona wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi, sawasawa na sisi tunavyosema mawazo mengi. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda, katika nchi yenye wataalamu wa akili wa kuhesabika kwa vidole, aliwafundisha bibi wa mtaani Harare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi anasikiliza, kisha anamsaidia mgonjwa kuchagua tatizo moja kati ya yote, moja tu, na hatua moja ya wiki hiyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliokaa na bibi na bado wana dalili za sonona walikuwa kama 14 kwa kila 100. Waliopata huduma ya kawaida walikuwa 50.

Benchi hilo waweza kulitengeneza nyumbani. Tatizo la kwanza ningelichagua lile la usiku wa mama. Andika kwenye karatasi kila unachomfanyia kwa saa 24, na saa zake: kugeuza, pampasi, uji, dawa, kunyoosha mkono. Mwite mjomba au shangazi mkubwa, kaka zako wapigiwe simu, kiwe kikao cha familia, na karatasi isomwe kwa sauti na mtu mwingine, siyo wewe. Usiombe "mnisaidie". Omba usiku mbili kwa wiki, aje binti wa kulala na mama na walipe wao, kila mwezi, tarehe fulani. Nimewaona watu ambao walipolala usiku mbili mfululizo, mambo yaliyoonekana hayana njia yakaanza kuwa na njia. Deni liwe la pili: kaa na mwenzako wa SACCOS ya walimu au mwakilishi wa chama, mwone kama linaweza kuhamishiwa mkopo wenye riba ya kibinadamu. Peke yako saa tisa usiku huwezi kulitatua, na ubongo wa saa hiyo ni mshauri mbaya.

Ukiamka saa hiyo, usibaki kitandani ukipigana na usingizi, na simu usiiguse. Kaa kwenye kiti, taa hafifu. Vuta pumzi kawaida kwa kuhesabu mpaka 4, itoe taratibu kwa kuhesabu mpaka 6 au 8, dakika 5 hivi. Kutoa pumzi polepole kunapunguza kasi ya moyo, ni mshipa wa neva unaofanya hivyo, huhitaji kuuamini. Ukihisi usingizi, rudi. Dua na sala ni zako, usiziache. Ila anayekuambia uache dawa ili imani ionekane, muulize kama na mama aache za presha.

Kuna dawa moja utakayopewa kirahisi dukani ukisema hulali: diazepamu, ile wengi wanaiita Valium. Inabonyeza breki ya ubongo mara moja na utalala. Ukiitumia wiki kadhaa mfululizo mwili unaizoea, kisha wasiwasi unarudi mkubwa kuliko ulivyoondoka. Usiinunue.

Kuhusu maisha yote: hapana, si lazima. Ikikusaidia, utaendelea nayo kama miezi 6 hadi 9 baada ya kupona, kisha wewe na daktari mtaipunguza polepole. Waliowahi kurudiwa mara nyingi hushauriwa muda mrefu zaidi. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta kizunguzungu na kukosa usingizi, ndiyo maana watu hudhani wamekuwa mateja. Haileti ulevi.

Kidonge cha kwanza kimeze asubuhi baada ya chai, siyo usiku, maana kinaweza kuchangamsha. Wiki ya kwanza unaweza kuhisi kichefuchefu, kichwa kuuma, na wasiwasi kuongezeka kidogo kabla haujapungua. Wengi huacha hapo. Kama wasiwasi unazidi mno, au wazo la kutoamka linakua, rudi kwa daktari siku hiyo. Weka tarehe ya kurudi baada ya wiki 2, na usiende peke yako. Mchukue yule mtu uliyemwambia leo.